Shajara ya Mradi: Kupima Mzigo wa Malipo ya Matibabu, kutoka Chake Chake

Wiki ya 1

Kazi imeanza katika chumba kimoja cha kukodi, Chake Chake, chenye meza mbili na feni inayozunguka inapotaka. Tupo wanne: mimi ninayeandika shajara hii, mwenzangu anayeshughulikia hesabu, na wadadisi wawili, mmoja wa Wete na mwengine wa Mkoani. Tumekubaliana kuchukua takwimu za matumizi ya kaya za Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya, Uganda na Rwanda, kuzipitisha zote katika kanuni moja, na kuona ni kaya zipi ambazo malipo ya matibabu yanazitia katika dhiki ya fedha. Sambamba na hilo tutayajaribu maswali yetu wenyewe katika shehia (maeneo madogo ya utawala, kila moja na sheha wake) chache za Pemba, kwa sababu hatupendi kulijadili jedwali ambalo hatujui namba zake zilitoka katika mdomo wa nani na kwa swali gani.

Jambo lililotuchukua muda mwingi siku ya kwanza ni majina. "Malipo ya mfukoni" hayakuleta ubishi: ni fedha ambazo kaya inazitoa yenyewe wakati inapopata huduma, zikiwa zimeondolewa zile zilizorejeshwa na bima, na bila ya kuhesabu mchango wa bima uliolipwa kabla ya maradhi. Ubishi ulikuja kwa yale malipo makubwa ambayo wachumi wa afya wamezoea kuyafananisha na maafa. Mdadisi wetu wa Wete alikataa kabisa neno balaa lisiingie katika dodoso, akasema kwamba mtu akiambiwa kaya yake imefikwa na balaa ataanza dua kabla ya kujibu swali la pili. Tumeandika "malipo yanayoilemea kaya", na neno hilo ndilo litakalotumika mpaka mwisho.

Swali lililotukusanya ni hili. Matibabu katika hospitali za Serikali ya Zanzibar yalitangazwa kuwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964, na mtu wa Pemba ukimuuliza leo analipa kiasi gani spitali, jibu la kwanza huwa ni "spitali bure". Mwaka 2023 ulikuja Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza na watumishi wa sekta ya umma. Ikiwa huduma ni bure, na walio na mshahara wamewekewa mfuko, basi kipimo kinatarajiwa kuonesha mzigo mdogo. Huenda kikaonesha hivyo kweli. Tunachotaka kujua ni kama udogo huo unatoka katika maisha ya watu au unatoka katika kipimo chenyewe.

Wiki ya 2

Wiki nzima tumekaa na vipimo. Ninaandika kwa urefu kwa sababu kila tutakalolifanya baadaye limesimama hapa.

Kipimo cha kwanza ndicho rahisi kuliko vyote: chukua malipo ya mfukoni ya kaya, yagawe kwa matumizi yote ya kaya, na uangalie kama jibu limezidi asilimia 10, au asilimia 25 kwa anayetaka kuwa mkali. Hiki ndicho kilichowekwa katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kama kiashiria 3.8.2, na ndicho kilichozaa takwimu nyingi zinazotajwa mikutanoni. Adam Wagstaff wa Benki ya Dunia na wenzake walikitumia katika utafiti wa nchi 133 uliotoka 2018, wakakadiria kwamba mwaka 2010 watu milioni 808 waliishi katika kaya zilizovuka kizingiti cha asilimia 10.

Cha pili kilitumiwa na Ke Xu na wenzake wa Shirika la Afya Duniani katika utafiti wa nchi 59 uliochapishwa 2003. Wao walisema kwamba shilingi ya chakula si sawa na shilingi ya anasa, kwa hivyo kwanza iondolewe gharama ya kujikimu, kisha malipo ya matibabu yalinganishwe na kile kilichobaki, ambacho ndicho uwezo wa kaya wa kulipa. Aliyetumia asilimia 40 au zaidi ya uwezo huo amelemewa. Gharama ya kujikimu waliipata kwa kuangalia chakula kinacholiwa na kaya za katikati, yaani kaya zote zikipangwa kwa sehemu ya matumizi yake inayokwenda kwenye chakula, zile zinazoangukia kati ya asilimia ya 45 na ya 55 ya safu hiyo, na idadi ya watu wa kaya wakaipandisha kwa kipeo cha 0.56, kwa sababu chungu cha watu wanane hakigharimu mara mbili ya chungu cha watu wanne.

Cha tatu ndicho kipya. Mwaka 2025 maelezo ya kiashiria 3.8.2 yalibadilishwa. Sasa yanaondolewa matumizi yanayolingana na mstari wa umaskini wa kijamii wa nchi, na malipo ya mfukoni yanalinganishwa na salio. Yakizidi asilimia 40 ya salio hilo, watu wote wa kaya ile wanahesabiwa. Mstari huo, kwa bei za 2017 zilizosawazishwa kwa uwezo wa kununua, ni dola 2.15 kwa mtu kwa siku, au dola 1.15 ukijumlisha na nusu ya matumizi ya mtu anayekuwa katikati watu wa nchi wakipangwa kwa matumizi yao, ipi iliyo kubwa. Kaya ambayo tayari iko chini ya mstari haina salio lolote, kwa hivyo shilingi yoyote inayoitoa kwa matibabu inaihesabisha.

Mwenzangu aliweka ubaoni kaya mbili za kubuni ili wadadisi waone tofauti, na mfano wake nauhifadhi hapa. Kaya ya kwanza inatumia shilingi 300,000 kwa mwezi, na katika hizo 24,000 zimekwenda kwenye dawa. Kaya ya pili inatumia 2,000,000, na katika hizo 240,000 zimekwenda kwa daktari wa meno. Tuseme mstari wa umaskini kwa kaya za ukubwa huo ni shilingi 270,000. Kwa kipimo cha zamani kaya ya kwanza imetumia asilimia 8, haikulemewa. Ya pili imetumia asilimia 12, imelemewa. Kwa kipimo kipya ya kwanza imebakiwa na salio la 30,000 na imetoa 24,000, yaani asilimia 80, na ya pili haikufika hata asilimia 14 ya salio lake. Hakuna shilingi hata moja iliyohama, lakini aliyelemewa amebadilika. Mdadisi wa Mkoani alinyamaza, kisha akauliza ni kaya ipi kati ya hizo mbili ambayo kwa miaka yote tulikuwa tukiilia. Sikuwa na jibu zuri.

Si mfano wa ubaoni tu. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya 2023 ilionesha, kwa kizingiti cha asilimia 10, kwamba walioelemewa duniani walipanda kutoka asilimia 9.6 mwaka 2000 hadi 13.5 mwaka 2019. Ripoti iliyofuata, ya 2025, ikitumia maelezo mapya, ilionesha walio katika dhiki ya fedha kwa sababu ya matibabu wakishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2000 hadi 26 mwaka 2022. Kwa mtu anayesoma vichwa vya habari peke yake, dunia imezidi kuumia na imepata nafuu kwa wakati mmoja. Maelezo yake si magumu: watu wengi wamepanda juu ya mstari wa umaskini katika miaka hiyo, na aliyepanda salio lake limekua, huku sehemu ya matumizi yake inayokwenda kwenye matibabu nayo ikikua. Tumeamua kwamba kila jedwali letu litaonesha vipimo vyote vitatu, hata kama msomaji atachoka.

Wiki ya 3

Tumepokea mafaili ya nchi nne. Uamuzi wa wiki hii ni kutoanza na hesabu bali na madodoso, tukiyasoma moja baada ya jengine mstari kwa mstari na kuandika kila swali la afya limeulizwaje: kwa mtu mmoja mmoja au kwa kaya nzima, kwa muda gani wa kukumbuka, na kwa vipengele vingapi.

Tofauti zilizopo zinatisha. Utafiti wa Kufuatilia Kaya wa Tanzania, ulioanza 2008/09 na unaoijumuisha Zanzibar, unamuuliza kila mwanakaya alichotumia katika wiki nne zilizopita, halafu unauliza kulazwa hospitali kwa miezi 12, na unauliza hata kulala kwa mganga wa kienyeji. Kwengine afya ni kifungu kifupi ndani ya orodha ndefu ya sabuni, mafuta ya taa na vocha za simu. Inajulikana tangu zamani kwamba swali moja la jumla linaleta jibu dogo kuliko maswali manane yanayoitaja dawa, kipimo, kitanda na miwani kila kimoja kwa jina lake, na kwamba muda mfupi wa kukumbuka ukigeuzwa kuwa mwaka unaleta jumla kubwa kuliko mtu akiulizwa mwaka mzima kwa mara moja. Tanzania Bara yenyewe ilikuwa uwanja wa jaribio mashuhuri la jambo hili: mwaka 2007 na 2008 Kathleen Beegle na wenzake waligawa kaya zipatazo 4,000 katika makundi manane, kila kundi likapewa namna yake ya kuulizwa matumizi, kwengine kwa kukumbuka na kwengine kwa daftari la kila siku. Kaya zilikuwa za aina moja, maeneo yalikuwa yale yale, na kiwango cha umaskini kilichopatikana kikatofautiana sana kwa sababu ya swali tu. Nani basi atathubutu kuziweka Kenya na Rwanda katika chati moja na kusema hii imeishinda ile, kabla ya kutazama dodoso?

Ninaandika pia kosa langu. Ijumaa nilitoa jedwali la kwanza la majaribio na nchi moja ikaonekana imeangamia kwa gharama za kulazwa. Tulikaa mpaka alasiri tukitafuta sababu za kiuchumi, na mwenzangu ameshaanza kusoma habari za bima ya nchi ile, ndipo nilipoona kwamba malipo ya kulazwa, yaliyoulizwa kwa miezi 12, nimeyazidisha kwa 13 kana kwamba yameulizwa kwa wiki nne. Mstari umerekebishwa. Tangu sasa kila safu ya fedha inabeba muda wake wa kukumbuka ndani ya jina lake, kwa mfano "dawa_w4" na "kulazwa_m12", na programu inakataa kujumlisha safu mbili zenye muda tofauti.

Wiki ya 5

Jaribio la dodoso limefanyika katika shehia mbili, moja ya Wilaya ya Mkoani na moja ya Micheweni, baada ya masheha kupokea barua na vibali. Wadadisi wanaingia nyumbani kwa hodi na salamu za kutosha. Hakuna anayefungua kishikwambi kabla ya kuulizwa habari za wazee.

Mahojiano moja yamebadilisha mpango wetu. Mama mmoja, mkulima wa mwani anayekaa katika kisiwa kidogo, alijibu swali la malipo ya mfukoni kwa haraka sana: mwanawe alivunjika mguu, akatibiwa, hawakudaiwa kitu isipokuwa bendeji na dawa ya maumivu walizonunua dukani. Mdadisi aliandika kiasi hicho kidogo na alikuwa anahamia swali linalofuata, lakini mama alikuwa hajamaliza. Akaanza kuhesabu kwa vidole boti ya kumvusha mtoto, gari ya kukodi kutoka bandarini kwa sababu mguu haukuwezekana kupanda daladala, chakula cha siku alizokaa naye, marejeo mawili ya kwenda kuangaliwa. Mwisho akasema kwamba lile bamvua, zile siku za bahari kujaa na kutoka sana, lilimpita. Mwani unashughulikiwa maji yanapotoka sana; bamvua likikupita unangoja maji mafu yaishe ndipo upate jengine, na kamba zilizokuwa tayari kuvunwa zinakatika kwa mawimbi. Hilo la bamvua lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoyataja.

Sasa tazama linavyokwenda katika hesabu. Mgawanyo wa kimataifa wa matumizi ya kaya unaweka afya katika fungu la 06: dawa na vifaa, huduma za wasiolazwa, huduma za waliolazwa na nyenginezo. Boti na gari ni fungu la 07, usafiri. Chakula cha muuguzaji ni fungu la 01. Bamvua halina fungu, kwa sababu si matumizi. Ni pato ambalo halikuja. Katika jedwali letu mama yule ni mtu aliyenunua bendeji.

Tulijadiliana mpaka usiku kama tuibadilishe kanuni. Mdadisi wa Mkoani, ambaye kwao watu wanavuka kutoka Makoongwe na Kisiwa Panza kila siku kuja spitali, alitaka nauli iingie katika malipo ya afya moja kwa moja. Nilipinga, na bado napinga: tukiiongeza nauli Pemba na nchi nyengine hawakuiuliza, tutakuwa tumeipandisha Pemba kwa udadisi wetu wala si kwa dhiki yake. Tumekubaliana kuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kinafuata fungu la 06 bila ya kupunguza wala kuongeza, nacho ndicho kitakacholinganishwa na nchi nyengine. Cha pili tumekiita "gharama za kuifuata tiba": vyombo vya bahari na nchi kavu, chakula na malazi ya muuguzaji, pamoja na siku za kazi zilizopotea, na kitatolewa kwa Pemba peke yake.

Nimeongeza katika kitabu cha pili swali la rufaa, kwa sababu mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja analazimika kuivuka bahari kwenda Unguja na mara nyingi hendi peke yake.

Wiki ya 6

Mvua. Barabara ya ndani kule Micheweni haikupitika kwa siku tatu, na kishikwambi kimoja kimeingia maji. Mahojiano ya siku moja yamepotea na yatarudiwa. Hakuna jengine la kuandika.

Wiki ya 7

Kaya ni nani? Maelezo ya vitabuni ni mepesi: watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Lakini tumekutana na mzee mwenye wake wawili katika nyumba mbili, anayekwenda kwa zamu, na dawa za presha za mke mkubwa anazinunua yeye kwa fedha za duka linaloendeshwa na mke mdogo. Tulimhesabu mzee katika nyumba moja, kama kanuni inavyotaka, na papo hapo nyumba ya pili ikaonekana haina malipo ya afya ilhali mgonjwa ni wake, na ya kwanza ikaonekana inalipia maradhi ambayo hayamo ndani yake. Tumeamua malipo yafuate mgonjwa, kisha tuandike pembeni mfuko uliotoa.

Kanuni hiyo hiyo tumeitumia kwa watoto walio Dar es Salaam, Mombasa na Oman wanaotuma fedha kwa simu. Fedha zikipita mkononi mwa mama ndipo zikalipwa, ni matumizi ya kaya yake na pia ni kipato chake. Mtoto akimlipa mwenye duka la dawa moja kwa moja, mama hajashika kitu na anajibu kwa ukweli kabisa kwamba hakulipa. Tumelifanya swali liwe "kimelipwa kiasi gani, na nani amelipa", badala ya "umelipa kiasi gani". Badiliko ni dogo, lakini nina hakika ndilo lenye faida kuliko yote tuliyoyafanya mpaka sasa.

Kisomo na kombe (aya zinazoandikwa, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa) vimetupa shida ya namna nyengine. Huduma za tiba asili zinaingia katika fungu la afya bila ya wasiwasi. Lakini aliyekwenda kwa shekhe akasomewa, akaandikiwa kombe na akaacha sadaka, mwenyewe hasemi kwamba amelipa. Akiulizwa bei ataona ametukanwa. Wadadisi wanauliza kama "kulikuwa na sadaka au chochote kilichotolewa", na majibu yanakuja. Katika kitabu cha kwanza tunaihesabu pale mwenyewe anaposema alikwenda kwa ajili ya maradhi.

Wiki ya 8

Tumemaliza kusafisha faili la Uganda, na nchi hiyo imenifanya niyarudie maandishi ya wiki ya kwanza. Machi 2001 Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali. Watu maskini walianza kwenda kwa wingi, jambo ambalo lilikuwa ndilo lengo. Hata hivyo Ke Xu na wenzake, katika uchambuzi wao wa 2006, hawakuona kushuka kwa malipo yanayozilemea kaya za maskini, na sababu waliyoitaja ni kwamba dawa zilikosekana katika vituo vya serikali baada ya ada kufutwa, mgonjwa akapewa karatasi aende akanunue. Ada iliondoka dirishani ikamngojea mtu dukani.

Niliusoma uchambuzi huo kwa sauti na wadadisi wote wawili walicheka, kicheko cha watu wanaosikia habari za kwao. Katika majaribio yetu watu waliosema "spitali bure" walikuwa wakisema kweli kuhusu daktari na kitanda. Tumelivunja swali la dawa katika sehemu mbili, zilizotolewa kituoni na zilizonunuliwa nje kwa karatasi ya kituo, na kituo hakitajwi jina. Tulichogundua ni kwamba mtu akiulizwa dawa za nje hukumbuka bei mpaka mia ya mwisho.

Wiki ya 9

Wiki hii tumezungumza kuhusu karafuu zaidi kuliko afya. Msimu umeanza, wachumaji wanalipwa kwa pishi, na shehia tuliyokuwa tuifanyie kazi imehamia juu ya miti. Hilo nalo ni somo la upimaji: kaya ya Pemba ikiulizwa msimu wa karafuu ina fedha, ikiulizwa miezi mitano baadaye haina, na ikiulizwa Ramadhani matumizi yake ya chakula yamepanda kuliko kawaida. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, kama ule wa 2019/20, huzigawa kaya katika miezi 12 kwa sababu hiyo. Sisi wenye wiki chache hatuwezi, na kwa hivyo majibu yetu ya Pemba hayatatolewa kama kiwango cha kisiwa. Yatabaki kuwa ushahidi wa namna maswali yanavyofanya kazi.

Jambo zito zaidi ni la deni. Kaya iliyokodisha mikarafuu yake kwa misimu miwili ili ipate fedha za upasuaji inaonekana, katika mwezi wa upasuaji, kuwa na matumizi makubwa, kwa sababu fedha za mkopo zimeingia na zimetumika. Zinaingia juu ya mstari wa kugawa na zinaingia chini yake. Uwiano unapungua, na kaya inaweza hata kuonekana imepanda juu ya mstari wa umaskini katika mwezi ule ule ilioanza kufukarika. Gabriela Flores na wenzake walilieleza hili kwa takwimu za India mwaka 2008, wakaonesha kwamba sehemu kubwa ya gharama za kulazwa ililipwa kwa kukopa, kuuza mali na kusaidiwa na jamaa, na kwamba kipimo kisichojua fedha zimetoka wapi kinachanganya dhiki ya leo na dhiki ya kesho. Tumeongeza swali moja la chanzo cha fedha, lenye majibu ya akiba, upatu, mkopo, kuuza kitu, kukodisha miti au shamba, na msaada wa jamaa. Katika nchi nne nyengine swali la namna hii halikuulizwa kwa sura inayolingana, kwa hivyo nalo linabaki katika kitabu cha pili, ambacho sasa kimekuwa kinene kuliko cha kwanza.

Wiki ya 11

Jedwali la nchi zote limetoka, vipimo vitatu vikiwa bega kwa bega, na limepita katika ukaguzi wa mwenzangu mara mbili. Kwa asilimia 10 ya matumizi, kaya zenye nafasi zinajitokeza kwa wingi. Kwa kipimo kipya zinarudi nyuma na maskini wanakuja mbele. Tulilitarajia hilo. Lililonikosesha usingizi ni safu ambayo haikuwa katika mpango, niliyoiweka kwa kujiridhisha tu: watu waliosema waliugua na kaya yao haikulipa chochote.

Katika safu hiyo wamo watu wa aina mbili ambao kipimo hakiwezi kuwatenganisha. Wapo waliokwenda wakatibiwa bure, ambao ndio fahari ya sera yoyote ya afya. Na wapo ambao hawakwenda. Maelezo mapya ya 3.8.2 yanataka malipo yawe zaidi ya sifuri ili kaya ihesabiwe, kwa hivyo fukara aliyetoa shilingi 3,000 amelemewa, na fukara jirani yake aliyebaki kitandani kwa kukosa nauli ya boti amesalimika. Kiashiria cha 3.8.1, kinachopima upatikanaji wa huduma, kimewekwa kando yake ili viwili visomwe pamoja, lakini hicho ni alama ya nchi nzima na hakimjui mtu wa kitandani. Nchi inaweza kuonekana imewakinga watu wake kwa sababu watu wake wameacha kutibiwa, na namba ikawa ndogo, na mtu akapongezwa.

Katika mahojiano ya Pemba swali la kuacha matibabu lilikuwa la 31, karibu na mwisho, mahali ambapo mdadisi amechoka na mwenye nyumba anatazama jua. Mdadisi wa Wete ameniambia leo kwamba wengi walilijibu "hakuna" kwa haraka, na kwamba wale wachache aliowauliza tena walipokuwa wakimsindikiza mpaka mlangoni walimtajia watu. Mlangoni si mahali pa takwimu, kwa hivyo hatukuyaandika hayo katika faili.

Wiki ya 12

Toleo la tatu la dodoso letu limekamilika. Swali la kuacha matibabu limehamishwa kutoka la 31 hadi la 4, kabla ya fedha yoyote kutajwa, nalo linaulizwa kwa kila mwanakaya kwa jina lake, pamoja na sababu: nauli, bei ya dawa, kazi, umbali, au hakuona haja. Katika jedwali la nchi tumeigawa safu ya sifuri pale takwimu zinaporuhusu, na pasiporuhusu tumeiachia rangi ya kijivu. Mwenzangu alipendekeza rangi ya kijivu itolewe kwa sababu inaharibu sura ya chati, lakini imebaki.

Jumatatu wadadisi wanarudi katika kaya zile zile za Micheweni kuuliza swali la 4 peke yake. Sheha ameshaarifiwa, na kishikwambi kilichoingia maji kimepona.